Kombe la Wino Mwekundu

Mama yangu yu hai. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki husema nimekitunga, au nimekiokota mtandaoni kwa kuwa kazi yangu ni ya mtandaoni. Basi njoo Ujiji. Ulizia nyumba ya yule jamaa wa kompyuta, yeyote atakuelekeza. Ingia chumba cha kwanza kushoto umpe mama shikamoo. Atakupa mkono, atakutazama usoni kwa yale macho yake makali, midomo yake itacheza vizuri kabisa kama ya mtu anayeitikia marahaba, na wewe hutasikia kitu. Ukitoka hapo ndiyo uniambie nimetunga.

Mimi nahudumia wateja wa duka moja la vyombo vya umeme lililo nchi za mbali. Hilo duka sijawahi kuliona wala sitaliona. Mtu huko amenunua pasi haipati moto, anaandika matusi, na mimi nikiwa Ujiji namjibu kwa adabu kwamba tumesikitika sana. Kutwa nzima nasikitika kwa niaba ya watu nisiowajua. Niliichukua kazi hii kwa sababu inafanyika nyumbani, na nyumbani nilikuwa nimefungwa: mama alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, miguu ikagoma. Dada yangu Zuhura ameolewa Kasulu, ana wanawe. Mke sikuwa naye. Aliyekuwapo alishindwana na mama akaenda kwao, na nani angemlaumu?

Maana hujui sauti ya mama yangu ilivyokuwa. Aliuza dagaa soko la Mwanga tangu mimi nikiwa mgongoni, na sauti yake ilikuwa nene, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kuitana na watu wa upande wa pili wa soko. Akicheka, muuza nyanya kule mwisho anageuka. Alipolala kitandani, ile sauti ikawa ndiyo miguu yake. Aliituma kila mahali. Aliituma jikoni kuuliza kama maharage yanaungua, aliituma barabarani kuuliza nani kapita, na zaidi ya yote aliituma mezani kwangu. "Mwana wanje! Mwana wanje we!" Ndivyo tunavyoitwa sisi na mama zetu wa Kiha, mwanangu, na yeye aliliita hilo neno tangu naosha uso hadi nazima taa.

Siku moja nilikuwa kwenye mkutano wa video, wenzangu wa nchi kadhaa wote usoni kwangu, msimamizi anaeleza jambo zito. Mama akapaza sauti: "Mwana wanje, njoo unitoe beseni, limejaa!" Nusu ya wale watu wanajua Kiswahili. Walicheka mpaka mmoja akazima kamera yake. Kuanzia siku hiyo jina langu kwenye kundi letu la meseji likawa Beseni, na mimi nikawa natuma alama za kucheka ili nisionekane nimeumia. Niliumia, tena sana.

Sasa, msimamizi wetu ni dada mmoja mpole anayekaa Nairobi. Aliona macho yetu yamekuwa mekundu na majibu yetu kwa wateja yamekuwa makavu, akatuletea utaratibu mpya. Kila alasiri, alisema, funga kompyuta, iache simu, chukua kalamu na karatasi ya kweli, toka nje, uandike mistari michache. Unaona nini? Unahisi nini? Usisahihishe, usijipendekeze, hakuna atakayesoma. Ukimaliza chana. Nilicheka peke yangu. Kwetu mtu anaandika akiwa na wa kumwandikia. Lakini niamini, ilifaa. Nilishuka hadi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikaandika kuhusu fundi anayeziba nyufa kwa pamba, kuhusu akina mama wanaogeuza dagaa juani. Shingo ililegea. Macho yaliacha kuwaka. Nikawa naisubiri ile alasiri kama mtu anavyosubiri chai ya futari. Basi vya nje vilipoisha kuandikwa, nikaanza kuandika vya ndani.

Hapa lazima nikueleze jambo, kama wewe si mtu wa huku. Kwetu Ujiji mtu akiugua ugonjwa usioeleweka hupelekwa kwa shehe. Shehe humwandikia aya kwa zafarani, kwenye sahani nyeupe au karatasi, maandishi yenye wekundu. Kisha yale maandishi huoshwa kwa maji, na mgonjwa anayanywa yale maji. Hilo ndilo kombe. Mimi nimekunywa utotoni, dada yangu amekunywa, na hata majirani zetu Wakristo nawajua waliokuja kunywa kimya kimya. Kwa hiyo huku kwetu mtu aliyekaa peke yake na kuandika kwa mkono, polepole, si kitu cha kupita bila kutazamwa.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimetoka msikitini, kanzu mwilini, kofia kichwani, sikubadilisha kwa kuwa mapumziko yangu ni mafupi. Kalamu ya buluu ilikuwa imekauka, nikachukua nyekundu. Na mimi nina tabia, tangu darasa la kwanza: nikiandika, midomo inatembea. Hebu niambie, wewe ungeniona pale ungedhani nafanya nini? Napumzisha macho?

Asubuhi ile mama alikuwa ameniita hadi nikashindwa kumjibu mteja mmoja kwa wakati, na mteja akanishtaki. Nilikuwa na hasira ya kutafuna mawe. Nikaandika hivi, nayakumbuka maneno yote: "Ziwa limetulia leo, mimi sijatulia. Mama ananiita nikiwa na mteja, ananiita nikila, ananiita nikiwa chooni. Sauti yake imeniota kichwani. Natamani anyamaze. Natamani nikae ndani ya nyumba ile nisiisikie sauti yake tena." Nikaweka nukta. Nikavuta pumzi. Nikahisi mwepesi, kama yule dada wa Nairobi alivyotuahidi.

"Mwiriwe, shehe."

Niligeuka. Nyuma yangu alisimama mwanamke wa makamo, mwembamba, anayesalimia kama watu wa upande wa Burundi. Sikumsikia akija, ingawa pale chini ni kokoto tupu na kokoto hupiga kelele hata akipita kuku. Alikuwa amejifunga kanga mbili na zote zilikuwa zimelowa chapachapa. Jua la alasiri lilikuwa linachoma utosi, dagaa waliotandazwa asubuhi walikuwa wameshakauka, na kanga zake zilikuwa zinachuruzika maji kama nguo iliyotolewa sasa hivi kwenye beseni. Alikaa karibu yangu. Maji yakaendelea kuchuruzika muda wote tuliozungumza, na hayakuisha.

Akaniambia ana binti. Binti mzuri, mkubwa, wa kuolewa, na tangu azaliwe hajatamka neno. Wamezunguka hospitali, wamezunguka makanisa, wamezunguka kwa waganga. Akaomba hiyo karatasi.

Nilimwambia mimi si shehe. Akatabasamu, kwa kuwa huku kwetu mashehe wa kweli ndivyo wanavyosema. Nikamwambia haya si maandishi ya dini, ni mambo yangu tu, ya kazini. Akapiga magoti kwenye kokoto na kunishika mguu. Mkono wake ulikuwa baridi. "Shehe, mwanangu hajawahi kuniita mama hata siku moja. Wewe unajua uchungu wake?"

Watu walikuwa wameanza kututazama. Muda wangu wa mapumziko ulikuwa unaisha, na kompyuta hunihesabia nikichelewa. Si nilikuwa niichane tu? Nikampa. Nilijiambia itampa faraja, binti yake atakunywa wino kidogo, hautamuua mtu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Akatoa kikombe cha bati kwenye kikapu, akateka maji ya ziwa, akaitumbukiza karatasi. Wino ukaachia wote kwa mara moja, ukayageuza maji mekundu. Akaisugua kwa kidole gumba, taratibu, mstari kwa mstari, hadi karatasi ikawa nyeupe kabisa kana kwamba haijawahi kuandikwa. Akaikunguta, akaikunja, akanirudishia.

"Hii ni yako," akasema. "Mimi nilitaka maneno tu."

Akaondoka akifuata ukingo wa maji, kikombe amekifunika kwa kiganja. Mimi nikapanda zangu nyumbani.

Nyumba ilikuwa kimya. Nikakaa, nikawasha kompyuta, nikaanza kuhudumia watu. Nitakuambia ukweli ingawa utanichukia: ile alasiri ilikuwa tamu. Nilifanya kazi kama sijawahi kufanya. Mteja baada ya mteja, neno kwa neno, hakuna wa kunikatiza. Mmoja alinipa nyota zote. Nilijipikia chai, nikainywa ikiwa bado moto, jambo ambalo sikuwa nimelipata tangu mama aanguke. Nikajisemea, leo bibi huyu kanihurumia, kalala.

Adhana ya magharibi ilipolia niliingia kumwashia taa.

Alikuwa nusu kitandani, nusu sakafuni. Shuka limelowa, beseni limepinduka, kucha zake zimekwaruza chokaa ya ukuta hadi ikabaki mistari. Na kinywa chake kilikuwa wazi kabisa. Alikuwa anaita. Mishipa ya shingo imesimama, kifua kinapanda na kushuka, midomo inatengeneza lile neno lake, mwana wanje, mwana wanje, na hakuna sauti iliyotoka, hata ya pumzi. Alikuwa akiniita tangu alasiri, wakati mimi nakunywa chai upande wa pili wa ukuta. Aliponiona hakukasirika. Alinishika kanzu na kunitazama machoni akiita tena, polepole, kuona kama ninasikia. Nilipotikisa kichwa, alilia.

Hospitali walimpima kila kitu. Daktari akamwambia toa ulimi, akatoa. Nyanyua mikono, akanyanyua. Mdomo haujapinda, koo ni safi, masikio yanasikia hata mnong'ono. Daktari akasema hajaona kitu kama hiki na akatupa vidonge vya kutuliza wasiwasi. Shehe wa mtaa wetu naye akaja, akasoma, akaandika kombe la kweli, mama akanywa akiwa na matumaini kama mtoto. Hakuna kilichobadilika. Zuhura akaja kutoka Kasulu, akamkumbatia, akalia, na usiku akaniuliza, "Kaka, mlikuwa mmegombana?" Nikamwambia hapana. Na kweli hatukuwa tumegombana, mimi sikuwa nimemwambia mama neno lolote baya maishani mwangu. Alipohakikisha mama anakula, Zuhura akarudi kwa wanawe.

Nilikuwa nafua ile kanzu nilipogusa karatasi mfukoni. Niliikunjua. Nyeupe. Nikakaa chini palepale karibu na beseni la povu, na maneno yote yakanirudia kichwani, moja moja, hadi la mwisho.

Nilishuka mwaloni nikaulizia mwanamke wa kanga mbichi. Nilitegemea waniambie hakuna mtu wa namna hiyo, kama visa vingine vinavyokwenda. Lakini walimjua vizuri tu. "Yule? Anauza Katonga siku hizi, na binti yake," fundi wa mitumbwi akanijibu bila kuinua kichwa. Nikachukua bodaboda.

Sikuhitaji kumtafuta. Nilikuwa hata sijashuka nilipoisikia sauti ya mama yangu.

"Wee! Usinishikie samaki na mikono iliyotoka kuchinja kuku! Nenda kanawe!" Kisha kile kicheko. Ilikuwa ni sauti ileile, na ile mikwaruzo yake, na ule mvuto wa Kiha mwishoni mwa neno, na namna anavyovuta pumzi katikati ya kicheko kama anayezama. Watu walikuwa wamejazana kwenye meza moja ya dagaa, wanacheka. Nilisukuma nikapita. Nyuma ya meza alisimama msichana mrembo, mwembamba, meno meupe, shingo ndefu, wa umri wa kutafutiwa posa. Akafungua ule mdomo wake mzuri na mama yangu akatoka humo.

Kando yake kakaa yule mwanamke, anachuruzika.

"Shehe!" akainuka kwa furaha. "Jamani, huyu ndiye! Ndiye aliyeniandikia!" Watu wote wakanigeukia. Mzee mmoja akanipa mikono yote miwili. Mama mmoja akaanza palepale kunieleza kuhusu mjukuu wake asiyetembea.

Nilimvuta pembeni nikamwambia arudishe. Sikuwa na adabu, nilimshika mkono nikamtikisa. Nikamweleza yale maneno yalikuwa nini, kwamba ni upuuzi wa mtu aliyechoka, kwamba mama yangu amelala ndani kama jiwe. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitafuta mshangao usoni mwake, sikuuona.

"Mimi nilikuomba sauti," akasema. "Sikukuuliza unaitoa wapi, na wewe hukunificha. Uliandika kabisa kwamba huitaki."

"Ni ya mama yangu!"

"Mama yako ameongea maisha yake yote. Mwanangu hakuwa ameongea hata siku moja. Na wewe mwenyewe ulikuwa umeshiba kumsikia." Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda stesheni. Kisha akasema, "Lakini twende. Aje amsalimie bibi. Ni haki yake kushukuriwa."

Nikakubali, tena nikafurahi. Nilikuwa na wazo langu la kijinga kwamba sauti ikimwona mwenyewe itarudi, kama mbuzi anavyomfuata aliyemfuga. Tukapanda bajaji hadi Ujiji. Njia nzima yule binti aliongea. Aliuliza kila kitu, alimtania dereva, aliimba kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na macho nimefumba, na kwa muda mfupi nilikuwa mtoto tena, narudi kutoka Mwanga na mama yangu baada ya kufunga meza.

Mama alipomsikia akisema hodi mlangoni, aliketi. Alikuwa hajaketi mwenyewe tangu avunjike. Uso wake uling'aa, midomo ikaanza kucheza, na yule binti akaenda moja kwa moja kitandani, akamshika mkono, akasema, "Shikamoo bibi, mimi ndiye niliyekuwa siwezi kusema." Mama akamgusa koo kwa vidole. Akaligusa, akaligusa, machozi yanamtiririka, na alikuwa anacheka. Kicheko hakikusikika lakini nilikiona. Nikajua sasa hivi, sasa hivi itarudi.

Yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, sakafu chini yake imeshalowa. Akanitazama mimi. Hakumtazama binti yake wala mama.

"Mwanangu," akasema, "mwambie bibi maneno yako ya kwanza. Yale uliyoyasema siku ile ulipomaliza kunywa."

Niliruka. Nilisema hapana, nadhani nilipiga kelele. Lakini binti alikuwa ameshaanza, kwa fahari, kama mwanafunzi anayekariri mbele ya wageni.

"Ziwa limetulia leo, mimi sijatulia. Mama ananiita nikiwa na mteja, ananiita nikila, ananiita nikiwa chooni."

Mama yangu hakusoma shule. Karatasi zangu zote za alasiri ningeweza kuziacha juu ya mto wake, asingejua kilichomo, na ndiyo maana sikuwahi kuogopa kuandika. Sasa alikuwa anasomewa. Alisomewa kwa sauti yake mwenyewe, na ile mikwaruzo, na ule mvuto wa Kiha, neno kwa neno, na mimi nimesimama hapo na mikono yangu. Natamani anyamaze. Natamani nikae ndani ya nyumba ile nisiisikie sauti yake tena.

"Si ndivyo ulivyoandika, shehe?" binti akaniuliza, akitabasamu. Hakuwa na ubaya wowote yule mtoto. Alitaka tu asifiwe.

Mama alinitazama. Nilisubiri anipige, nilisubiri autoe ule mkono wa soko ulionilea. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akageuza uso ukutani, pale alipokwaruza, na mkono wa binti hakuuachia. Mpaka giza likaingia alikuwa ameushika. Nilipojaribu kumfunika shuka, akalisukuma kwa kiwiko.

Haya, unataka kujua mambo yamekwendaje tangu hapo? Yule binti huja karibu kila siku, akitoka kuuza. Mama yake humwacha mlangoni na kwenda zake, na alama ya maji hubaki kwenye kizingiti hadi asubuhi. Mama yangu hula kwa mkono wa yule binti tu. Na wana mchezo wao wawili: mama huchezesha midomo, binti humtazama, na sauti inatoka. Basi chumba kile kimerudi kuwa soko. Nikiwa mezani kwangu nawasikia upande wa pili wa ukuta, wanateta majirani, wanamtaja Zuhura na wanawe wote, wanamtaja marehemu baba, wanamtaja hata yule mke wangu aliyekimbia, na kwa wema. Nikifungua mlango wanakoma. Nikifunga wanaendelea.

Nje nako wapo watu wa vikombe. Wanakuja na vikombe vya bati, vya plastiki, na chupa zilizokatwa, wanakaa barazani wanangoja shehe aandike. Mmoja alimleta mama yake mzazi aliyepooza, kambeba mgongoni kutoka mbali. Nikiwaambia sijui kitu, wanatabasamu na kuongeza heshima. Kazi bado ninayo. Nawasikitikia wateja kutwa nzima, na sasa hivi nalipata hilo neno kwa urahisi zaidi. Kuhusu kuandika alasiri, sijagusa kalamu tena. Haya unayoyasoma nimeyasema kwenye simu na simu yenyewe ikayaandika, nikiwa nje, mbali na ukuta ule, ili mama asije akasikia tena maneno yangu.

Nimemnunulia mama kengele ndogo, nikaifunga karibu na mkono wake, nikamwonyesha namna ya kuivuta. Akitaka maji, avute. Akitaka kugeuzwa, avute, hata nikiwa na mteja, hata nikiwa chooni. Hajaigusa. Juzi alikesha na kiu hadi binti alipokuja.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi nyumbani, umechoka, umeambiwa uandike kidogo ili upumue: andika kuhusu mbuzi. Andika kuhusu mawingu. Ukishindwa ukaandika vya ndani, basi choma uone moto unamaliza, na asije mtu akapiga magoti mbele yako ukamwonea huruma. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Kama hivi sasa unavyosoma kuna mtu ndani anakuita, kwa sauti ile inayokuudhi, kwa jambo dogo lisilo na maana, iweke simu chini. Usimalizie mstari. Nenda, maadamu bado anakuita wewe.